Ripoti za Ijumaa

Uongo wenyewe ulikuwa na maneno manne tu: nimeona kwa macho yangu. Niliusema Jumapili mchana sebuleni kwetu, mbele ya baba, mama na shangazi, huku nikimimina chai, na hata kikombe hakikutikisika. Mtu aliyehesabu vidonge kwa miaka tisa mkono wake huzoea kutulia. Ndicho kilichonitisha baadaye, jinsi mkono ulivyotulia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kwenye ncha kabisa, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hospitalini kwetu yeye ndiye anayetengeneza mashine zote, kuanzia kipima presha mpaka taa za chumba cha upasuaji, na hajawahi kuwa na cheti cha kitu chochote. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, hakumchukia. Alisema tu kwamba fundi asiye na karatasi ni mgeni kazini kwake mwenyewe: leo yupo, kesho analetwa mwenye karatasi, na binti yangu atakula mikono? Kwa hiyo sharti lilikuwa moja. Fundi amalize yale masomo ya mtandaoni ambayo hospitali imewaandikisha wafanyakazi wote, apate cheti, tupange harusi.

"Haya kijana," baba alisema, "yale masomo yako ya kwenye simu yamefika wapi?"

"Nimemaliza, mzee. Nimefaulu."

Aliyasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Niliyaona masikio yake yakibadilika rangi. Nayajua masikio yale.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, haamini kitu ambacho hajakishika. Aliweka kijiko chini. "Kufaulu kwa kwenye simu! Na cheti kiko wapi?"

"Kinakuja, shangazi. Wanakituma."

"Kinakuja kwa miguu?"

Mama alijifanya anakohoa ili asicheke. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mama, nyinyi mnafanya kazi pamoja. Ni kweli?"

Baba huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Akiniita hivyo huwa nasema kweli bila hata kufikiri. Nilimtazama Fundi. Alikuwa anaitazama sakafu. Ndipo nikasema yale maneno manne.

"Basi yameisha," baba akasema, akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyu akisema ameona, ameona. Dada, lete kalenda tutafute siku."

Shangazi alinyanyuka kwa shingo upande. Mama alipiga kigelegele kidogo, cha kujizuia. Na mimi nilisimama pale na birika mkononi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na birika lenyewe.

Maana mimi nilikuwa nimeona kweli. Nilikuwa nimeona kila kitu. Nilichokiona hakikuwa kufaulu.

Mwaka jana, siku ya kuandikishwa, tulijazana wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa hospitali. Kijana wa kompyuta alitueleza kuwa haya si masomo ya kukaa darasani. Kila mtu angesoma kwa muda wake, kazini au nyumbani, na mfumo ungempangia masomo yake peke yake. Ukijua, unakupeleka mbele. Ukikosea haukusukumi, unakurudisha nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka ufike pale ulipokuwa unaelewa, uanzie hapo. Nililipenda wazo hilo. Nilisema moyoni, afadhali mwalimu ambaye hana haraka.

Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu wa kukuhimiza: jina na namba ya simu. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa mwanamume mrefu, bisibisi mfukoni, ambaye nilimjua kwa sura tu. Aligeuka akasema, "Dada wa dirisha la dawa, nikopeshe namba yako nijaze hapa. Mimi namba za watu sizijui kichwani." Nikamkopesha. Jioni yake akanipigia kuniambia ameshaitumia na anairudisha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na mpaka leo sijui kama kuna mwanamume mwingine aliyeanza hivyo.

Alichosahau Fundi, au tuseme alichobonyeza "nakubali" bila kusoma, ni kwamba mhimizaji hutumiwa ripoti. Kila Ijumaa saa kumi jioni, simu yangu ililia:

"Mpendwa mhimizaji. Wiki hii mwanafunzi wako amesoma saa tatu na dakika ishirini. Jaribio la Umeme na Usalama: hakufaulu, mara ya pili. Mfumo umempangia somo jipya: Milinganyo Rahisi. Mtie moyo!"

Mwanzoni nilisubiri aniambie mwenyewe. Alikuja dirishani kwangu kuchukua chai niliyokuwa namwekea, akaegemea, akasema, "Masomo yanakwenda vizuri sana, Dozi." Dozi ni jina walilonipa hospitalini, kwa kuwa simruhusu mtu kukosea dozi hata kwa tone. Nikamwambia, "Hongera."

Wiki iliyofuata nikasema tena hongera. Na iliyofuata. Nikawa namvika kilemba cha ukoka kila Ijumaa, huku ripoti ikiwa mfukoni mwa koti langu jeupe, bado ya moto.

Mfumo ulizidi kumrudisha nyuma. Kutoka umeme hadi milinganyo, kutoka milinganyo hadi desimali, kutoka desimali hadi kujumlisha sehemu. Fundi huyu anayesikiliza mashine ya oksijeni kwa sikio na kukuambia ni valvu ipi inayochoka! Nilijua alivyoacha shule mapema, kwa sababu ambazo mtu mwenye adabu haziulizi. Nilijua pia saa alizosoma. Jumanne saa kumi na moja alfajiri, dakika hamsini. Jumamosi saa sita mchana, dakika kumi na mbili, akaacha, akarudi saa nane. Nilizisoma saa zile kama barua. Yeye hakuwa mtu wa kuandika barua, na mimi nilijipa haki ya kuzisoma kana kwamba ameniandikia.

Sasa nitasema lile ambalo bado linanichoma. Ijumaa moja ripoti ilisema: "Mfumo umempangia somo jipya: Nusu na Robo, kwa kutumia picha za machungwa." Nikacheka. Nilikuwa stoo ya dawa peke yangu, nikaliona chungwa la kuchorwa na yule mwanamume wangu wa futi sita akilikata katikati kwa kidole kwenye simu, nikacheka kwa sauti. Kicheko kilidumu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Lakini nilicheka.

Jumatatu baada ya ile Jumapili, Fundi alinitumia ujumbe: njoo karakana ukipata nafasi. Nilikwenda saa nne asubuhi. Karakana yake iko nyuma ya chumba cha kufulia, na ndani hunuka mafuta ya mashine na sabuni kwa pamoja. Alikuwa amefungua kitanda cha wagonjwa, miguu ya kitanda iko juu. Alipoona ni mimi, aliweka spana mezani, akafuta mikono, akaifuta tena.

"Kaa, Dozi."

"Nitasimama. Nimeacha foleni dirishani."

"Sijafaulu," akasema.

Hakungoja nijibu.

"Sikulala. Mimi nimedanganya, sawa, nimejidanganya hata mwenyewe. Lakini wewe umeniapia mbele ya baba yako. Wewe! Uliniamini kiasi hicho, ukachukua jina lako zuri ukaliweka juu ya uongo wangu. Naona aibu mpaka kwenye mifupa." Aliitazama spana mezani. "Nimeshafanya lile jaribio mara sita. Kila nikifeli wananirudisha. Unajua wamenirudisha mpaka wapi?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili ya kuonekana mtu mwema. Ningeweza kushika mdomo, kushangaa, kumsamehe. Angenipenda zaidi. Nilipiga moyo konde.

"Mpaka kwenye machungwa," nikasema.

Alinitazama kwanza bila kuelewa. Nikatoa simu, nikaifungua mahali zilipo ripoti, nikampa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichopinduliwa, akasoma. Ripoti zilikuwa ishirini na mbili. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine. Nje wafuaji walikuwa wanaitana na kucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Kwa hiyo kila nilipokuja dirishani…"

"Nilijua."

"Na ukasema hongera."

"Nikasema hongera."

"Kwa nini, Dozi?"

"Sikutaka kukuaibisha."

"Hapana." Alitikisa kichwa taratibu. "Usiniambie hivyo. Mtu asiyetaka kuniaibisha angenishika mkono siku ya kwanza akasema, jamani Fundi, mbona nimeletewa ujumbe wako? Tungecheka, ningekasirika, yangeisha. Mimi nilidanganya kwa kuwa naona aibu. Wewe ulikuwa unaniangalia nikidanganya."

"Nilikuwa nakusubiri."

"Ulikuwa unaniangalia." Alinyanyua macho. Hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu. Ya machungwa. Ulipoisoma, ulicheka?"

Ningesema hapana. Nani angejua? Stoo ilikuwa na makopo tu.

"Nilicheka. Mara moja."

Alirudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mteja anavyorudisha kalamu ya watu. "Ahsante kwa kusema," akasema. "Alhamisi jioni nitakwenda kwa mzee kumweleza."

"Nije nawe?"

"Nyumba ni ya kwenu. Siwezi kukukataza kuwa kwenu." Akachukua spana yake, akanipa mgongo, akaanza kukaza mguu wa kitanda ambao hata mimi niliona umeshakazwa.

Siku tatu hakuja dirishani. Chai yake aliinywa wapi sijui. Niliwapa watu dawa, nikawaambia kutwa mara tatu baada ya kula, na sauti ilitoka sawasawa. Mama alinipigia kuniuliza rangi ya vitambaa vya meza. Nikamwambia chagua wewe, mama, nikakata simu, nikakaa juu ya boksi la dripu nikalia kwa muda wa mgonjwa mmoja. Wa pili alishafika dirishani.

Alhamisi saa kumi na moja alikuja na shati lilelile jeupe. Shangazi alikuwapo, maana shangazi huwapo. Mama alikuwa anapanga vikombe. Kalenda ilikuwa bado mezani, tarehe imezungushiwa duara kwa wino mwekundu, kwa mkono wa baba, ule mkono uliosahihisha madaftari miaka thelathini na tatu. Mimi nilikaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Fundi alinisalimia kama anavyowasalimia wauguzi.

Hakukaa. "Mzee, mama, shangazi. Nimekuja kufuta nilichosema Jumapili. Sijafaulu yale masomo. Cheti hakiji. Nilisema uongo."

Shangazi alishika kifua kwa furaha ambayo hakujali kuificha. "Nilisema! Si nilisema? Kinakuja kwa miguu!"

"Dada," baba akasema, na shangazi akanyamaza. Baba alivua miwani, akaiweka juu ya kalenda. "Umekwama wapi, kijana?"

Fundi aliitazama ile miwani. Mbele yake alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye angependa kumpa jibu hilo.

"Kwenye hesabu za sehemu, mzee. Nusu na theluthi. Zikiwa na asili tofauti, zile namba za chini, sijui kuzijumlisha. Nikizikata kwenye bomba naziona. Zikiandikwa zinanipotea."

Kicheko kilimponyoka shangazi puani.

"Hapa hakuna cha kuchekesha," baba akasema bila kumtazama, na mimi kwenye stuli yangu nilihisi nimeambiwa mimi. "Nimepitisha mamia ya watoto waliojibu hesabu hizo vizuri, na mpaka leo hawajui walichojibu. Huyu walau anajua asichokijua. Linafundishika hilo." Akamtazama Fundi. "Uongo ndio unaonisumbua. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mzee? Nina miaka thelathini na tano. Nakuja kukuomba binti yako, naanza kwa kusema nimeshindwa na kazi ya watoto?"

Baba aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha aligeuka, akaniangalia.

"Na huyu?"

Nilifungua mdomo. Fundi alinitangulia.

"Huyu hana kosa. Nilimdanganya na yeye. Nilimwonyesha cheti cha uongo kwenye simu, akaamini. Lawama ni zangu zote."

Aliyasema macho yake yakiwa kwa baba, bila kunigusa hata kwa kutazama. Siku tatu hajanisemesha, amekuja kujivua nguo mbele ya watu, na amechukua na aibu yangu akaiongeza kwenye mzigo wake. Nikaona uso wa baba ukilainika. Mabega yalimshuka. "Alhamdulillah," mama alinong'ona, "mtoto alidanganywa tu." Walifurahi! Walikuwa tayari kumpoteza mkwe, mradi binti wabaki naye kama walivyomjua. Na mimi nilichotakiwa kufanya ni kutazama chini na kukaa kimya, jambo ambalo nimelifanya kwa ustadi Ijumaa ishirini na mbili.

Nikasimama.

"Anasema uongo, baba. Hakunionyesha cheti chochote. Nilijua."

"Dozi, acha," Fundi alisema.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Naletewa ripoti zake. Yeye hakujua kama naletewa. Uliponiuliza Jumapili, nilijua amefeli mara sita, nikakutazama machoni nikasema nimeona."

Mama alikiweka kikombe chini vibaya, kikalala ubavu. Hakuna aliyekiinua.

Baba alichukua miwani, akaivaa, akanitazama kama anatafuta nilipokosea njia ya kufika kwenye jibu. "Kwa nini, mama?"

"Niliogopa utamkataa."

"Ningemkataa?" Alijiuliza mwenyewe. Baba ni mtu wa haki hata kama inamuuma. "Labda ningemkataa. Labda ningemwambia alete daftari. Sasa hatutajua, maana hukuniachia nijibu." Sauti yake ilishuka. "Huyu kijana alisema uongo, na mimi sikumwamini. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Unaelewa? Sikumwamini yeye, nilikuamini wewe."

Nililia. Sikufunika uso, sikuona haki ya kuufunika.

Baba alivuta kalenda kwake. Alilitazama lile duara jekundu kwa muda, kisha akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. "Sikatai," akasema. "Naahirisha. Si kwa sababu ya cheti. Cheti sitaki tena kusikia habari zake. Kijana, wewe ukitaka kuja hapa hata kesho, karibu. Lakini binti yangu simwozi wakati mimi mwenyewe, nikimuuliza kitu, lazima nimchungulie macho kwanza. Siku nitakapomuuliza nikiwa nimempa mgongo na kuamini alichojibu, siku hiyo tutapanga. Sijui ni lini. Wewe si lazima usubiri. Una umri, una kazi, hujafungwa kamba."

Nilijua Fundi ana kila sababu ya kuaga. Amekuja kusema lake, amelisema, ametua mzigo. Nje jua lilikuwa bado lipo, njia ni nyeupe. Niliutazama mkono wake uliokuwa karibu na kitasa cha mlango, nikajiambia usimlaumu, mwache aende, ulicheka wewe.

Aliondoka mlangoni. Akavuka sebule yote, akapita mbele ya shangazi bila kuomba radhi, akavuta kiti akakiweka kando ya stuli yangu, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwetu, aliegemea mgongo kabisa.

"Bado nimekukasirikia," aliniambia, si kwa kunong'ona, wote wakisikia.

"Najua."

Akamgeukia baba. "Mzee, kwa miezi mingi nyumba hii imenisubiri mimi nifaulu," akasema. "Sasa na mimi nitamsubiri yeye."